Safari ya Masika: Kwenda Unguja Kusikiliza Taarabu Bila Kuvunja Nyumba

Watu wengi hudhani kwamba safari ya mapumziko ni lazima ifanywe wakati jua linawaka, hoteli zimejaa na kila mtu yumo njiani. Mawazo hayo huwafaa wenye fedha nyingi. Askari, polisi na jamaa zao, ambao mshahara wao una kazi yake hata kabla haujapokelewa, yafaa wafikiri kwa njia nyingine. Yule ambaye haendi kuota jua ufukoni, bali aenda kusikiliza muziki na kuketi pamoja na wapigaji, hana haja ya kushindana na umati. Kwake yeye mvua si adui.

Hapa Bujumbura, hasa katika mitaa kama Buyenzi ambako Kiswahili ndicho lugha ya nyumbani na ya barazani, taarabu si jambo geni. Husikika redioni, huchezwa harusini, na wapo akina mama waziimbao nyimbo hizo kwa moyo bila kukosa neno. Lakini ni wachache waliokwisha kuufikia mji ambamo muziki huo ulikulia, wakaketi ukumbini jioni kuwatazama wapigaji wakifanya mazoezi. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuipanga safari hiyo katika miezi ya masika, yaani baina ya Machi na Mei, wakati Unguja imetulia.

Kwa nini masika?

Kisiwa cha Unguja kina nyakati zake za msongamano. Mwezi wa Februari kuna tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004, na katikati ya mwaka kuna tamasha la filamu la nchi za jahazi, lililoanza mwaka 1998. Nyakati hizo vyumba hupanda bei, na wanamuziki wenyewe hushughulika na majukwaa makubwa. Mgeni huwaona kwa mbali, chini ya taa, akapiga makofi akaenda zake.

Masika yanapoingia mambo hubadilika. Baadhi ya hoteli za pwani hufungwa kwa matengenezo, na nyumba nyingi za wageni hupunguza bei ili zisikae tupu. Wanamuziki huwa na nafasi ya kuzungumza, na mgeni aliyekuja kwa adabu hupewa kiti.

Jambo hili si la Unguja peke yake. Huko Ireland, kisiwa kilicho magharibi ya Uingereza, wapo watu ambao jioni hukusanyika kilabuni wakaizunguka meza moja na kupiga nyimbo za jadi kwa fidla, filimbi ya bati na ngoma ya ngozi ya mbuzi. Hakuna jukwaa wala tiketi. Mgeni mwenye ala huketi kando, husikiliza, na hungoja mpaka aashiriwe kujiunga. Kila mwezi wa Julai, tangu mwaka 1973, mji mdogo wa Miltown Malbay huko hujaa wanafunzi na wapenzi wa muziki huo kwa juma zima. Hata hivyo, atakaye kuketi karibu na mpigaji mzee akamwuliza neno hufanya vyema kwenda wakati wa baridi, wageni wakiwa wamekwisha kurudi makwao. Basi sheria ni moja kila mahali: msimu wa watalii ni wa kutazama, na msimu wa utulivu ni wa kujifunza.

Kuna tahadhari moja ya kalenda. Katika mwezi mtukufu wa Ramadhani taarabu hunyamaza, na asiyelijua hilo atakuta milango imefungwa. Mfungo hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2022 ulichukua karibu mwezi wote wa Aprili, na mpenzi wa taarabu aliyekwenda masika yale hakupata kitu. Mwaka 2026 umeangukia baina ya Februari na Machi, kwa hiyo masika huja baada ya Idi. Huo ni wakati mzuri, kwani Mfunguo Mosi ni mwezi wa harusi, na harusi huwaita wapigaji. Mwenye kupanga na aanze kwa kuitazama kalenda ya Kiislamu, kisha ndipo atazame ile ya kazini.

Mgeni anakwenda kusikia nini?

Neno taarabu limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni kule kuguswa moyo na muziki. Masimulizi ya Unguja husema kwamba Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyeuleta muziki huo kutoka Misri na kumtuma mtu kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 kilianzishwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa, ambacho wengi hukiita Akhwani Safaa, nacho kimeishi zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1958 kikaanzishwa kikundi ambacho leo kinaitwa Culture Musical Club, chenye makao yake Vuga, mjini Unguja.

Lakini aliyeitoa taarabu katika kumbi za wakubwa na kuitia katika lugha ya watu wote alikuwa mwanamke. Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba, aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, Bara Hindi, kurekodi sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Baada yake alisifika Bi Kidude, aliyeimba taarabu na kupiga ngoma za unyago mpaka uzeeni, akafariki mwezi wa Aprili mwaka 2013. Na mwaka 2009 Bi Maryam Hamdani alianzisha Tausi, kikundi cha taarabu ambacho wapigaji wake ni wanawake watupu. Akina mama wa Bujumbura wasomao ukurasa huu yafaa wayatie maanani majina hayo.

Ala zenyewe mgeni atazitambua upesi. Udi ni ala yenye tumbo la duara na shingo fupi. Kanuni hulazwa mapajani, ina nyuzi nyingi zilizofungwa tatu tatu, nayo hupigwa kwa vidole vilivyovishwa pete zenye ncha. Kuna fidla, akodiani, nai ambayo ni filimbi ya unyasi, na ngoma za dumbak na rika. Mitaani kuna dada mdogo wa taarabu aitwaye kidumbak, wenye ngoma mbili ndogo, fidla, na sanduku lililotiwa kamba moja ili kutoa sauti nzito. Kidumbak ni muziki wa kucheza, nao haumwachi mtu kitini.

Kadhalika kipo chuo cha muziki cha nchi za jahazi, kijulikanacho kwa herufi DCMA, kilichofunguliwa mwaka 2002. Hufundisha udi, kanuni, fidla na ngoma kwa vijana wa visiwani na kwa wageni. Mwaka 2019 kilitangaza kwamba kilikuwa katika hatari ya kufungwa kwa kukosa fedha. Mgeni anayelipia masomo ya siku chache, wakati ambapo wageni wengine hawapo, hujifaidi yeye na huifaidi kazi ile.

Mabati au muziki?

Sasa yafaa kulitazama suala gumu, ambalo ni fedha. Chukua mfano wa nyumba ya koplo mmoja mwenye mke na watoto watatu. Mke huimba katika kikundi cha akina mama wa mtaani, na kwa miaka mingi ametamani kuwasikia waimbaji wa Unguja kwa masikio yake. Katika sanduku kuna akiba ambayo ilikusudiwa kununulia mabati. Mume anasema, "Mama watoto, wimbo utatuzuia mvua?" Naye mke anajibu, "Hautatuzuia, baba watoto. Lakini mabati ya mwakani yatakuwa mabati yale yale, na sauti yangu mwakani haitakuwa hii."

Wote wawili wamesema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipo. Mume akishinda kwa amri, mke atayatazama mabati yale kila siku kwa uchungu. Mke akishinda kwa machozi, mvua ya kwanza itakapowanyeshea watoto, hata wimbo ulio mtamu utakuwa mchungu. Dawa yake ni hesabu, ifanywe na wawili, mezani, kwa karatasi na kalamu.

Kwanza liandikwe lile lisilongoja. Ikiwa paa la chumba cha watoto linavuja, mabati ya chumba hicho yanunuliwe mwanzo, nayo yatoke katika akiba iliyopo. Mabati ya chumba cha mbele, ambacho hakivuji, yanaweza kungoja. Pili iandikwe gharama ya safari kwa mafungu: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, malazi, chakula, na zawadi. Tatu litengwe fungu la dharura, lisilopungua moja ya tano ya jumla yote, lisiguswe mpaka msafiri amerudi mlangoni kwake. Nne jumla hiyo igawanywe kwa miezi kumi na miwili. Ikiwa kiasi cha kila mwezi kinapatikana bila kukopa na bila kupunguza karo wala chakula, safari ipo. Ikiwa hakipatikani, igawanywe kwa miezi ishirini na minne. Masika hurudi kila mwaka. Akiba haiozi, lakini deni huzaa.

Katika nyumba ya mfano wetu uamuzi huwa hivi: chumba kinaezekwa mwaka huu, na safari inapangwa masika yajayo. Mke hapotezi mwaka. Mwaka huo ni wa kujifunza nyimbo, kuuliza habari, na kutengeneza pasi za kusafiria. Mwimbaji anayefika na nyimbo tatu azijuazo vyema hupokewa kwa namna nyingine kuliko afikaye mikono mitupu.

Kuna jambo la pili ambalo jamaa za askari hulijua kuliko watu wengine. Likizo ya askari yaweza kufutwa kwa amri ya siku moja. Kwa hiyo safari isitundikwe juu ya likizo ya mume. Ipangwe kwa akina mama wawili wa kikundi kimoja, kila mmoja akiwa mwangalizi wa mwenzake, nao watoto wakae kwa bibi yao. Mume akipata ruhusa, na aongezeke. Asipoipata, safari isife. Mume anayekubali hilo hajashuka cheo nyumbani mwake.

Njia na hati

Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, jambo ambalo limerahisisha kuvuka mpaka. Hata hivyo hapana budi kuwa na pasi iliyo hai. Hapana budi pia kuwa na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nayo chanjo ipatikane siku kumi au zaidi kabla ya kuondoka. Askari mwenye kusafiri achukue ruhusa ya maandishi kutoka kwa mkuu wake, na sare aiache nyumbani. Nchini Tanzania raia haruhusiwi kuvaa nguo zinazofanana na sare za jeshi, kwa hiyo hata ile fulana ya madoadoa isitiwe sandukuni. Mifuko ya plastiki nayo ibaki, kwani Tanzania Bara iliipiga marufuku tangu Juni 2019, na Unguja ilitangulia.

Njia iliyozoeleka hushuka kandokando ya Ziwa Tanganyika, kupitia Rumonge na Nyanza-Lac, hadi mpaka wa Mugina, ambao kwa upande wa Tanzania huitwa Manyovu. Kutoka hapo msafiri huingia Kigoma. Reli ya Kigoma ilijengwa na Wajerumani na kufika ziwani mwaka 1914, nayo hadi Dar es Salaam ina urefu wa kilomita zaidi ya 1,200. Ni safari ndefu ya kulala njiani, lakini ni ya bei nafuu, na mtu huiona nchi.

Masika yana hila yake juu ya reli hiyo. Katika bonde la Kilosa na Gulwe maji hufurika na kula tuta. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliisimamisha treni kwa miezi. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi aulize hali ya njia, na awe na fedha za basi endapo treni haitatembea. Aufikiaye mji wa Dodoma aweza pia kupanda treni mpya ya umeme hadi Dar es Salaam, ambayo ilianza kuchukua abiria kwenye njia hiyo mwaka 2024. Tena, kwa kuwa uhaba wa mafuta umesumbua usafiri wa Burundi katika miaka ya karibuni, siku mbili za akiba ziongezwe kila upande.

Kutoka Dar es Salaam boti ya mwendo wa kasi huvuka hadi Unguja kwa muda wa saa mbili hivi. Mwezi wa Aprili upepo wa kusi huanza kuvuma, na bahari huweza kuchafuka. Isisahauliwe ajali ya boti ya Skagit, iliyozama Julai 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe wakati wa upepo mkali. Basi msafiri na akatae chombo kilichojaa kupita kiasi, aulize ziliko jaketi za kuokolea, na ikiwa bahari ni mbaya, alale Dar es Salaam. Kuchelewa usiku mmoja hakumdhuru mtu.

Adabu ya ukumbini

Mgeni asiingie mazoezini kama aingiavyo sokoni. Kwanza apeleke habari mbele, kwa simu au barua, aulize siku na saa za mazoezi, kwani hubadilika. Akifika aamkie kwa shikamoo kwa wazee, aulize nani ni mwenyekiti, ajieleze kwa ufupi ametoka wapi na anataka nini. Nguo ziwe za heshima. Akina mama wachukue kanga au mtandio.

Kisha aketi nyuma na anyamaze. Asiguse udi wala kanuni ya mtu hata kama imelazwa kando. Asinase sauti wala picha bila ruhusa. Mazoezi si onyesho: wimbo hukatwa katikati, mstari mmoja hurudiwa mara kumi, mpiga fidla huambiwa amechelewa. Asiyekuwa na subira ataona anapoteza jioni. Mwenye subira atajua jinsi wimbo unavyojengwa, na hilo halipatikani redioni.

Ikiwa kuna onyesho la hadhara au harusi ambayo amealikwa, ajue desturi ya kutunza. Msikilizaji aliyeguswa na ubeti husogea mbele kwa mwendo wa taratibu akampa mwimbaji noti. Si lazima iwe kubwa, lakini itolewe kwa heshima, na fungu lake liwe limekwisha kuhesabiwa nyumbani.

Mkono mtupu haulambwi. Mrundi anayekwenda Unguja asidhani kwamba hana cha kutoa. Nyumbani kwake kuna inanga, ule mti uliochimbwa kama mtumbwi na kuzungushiwa uzi mmoja mrefu mara nyingi, ambao mpigaji wake huimba kwa kunong'ona hata wasikilizaji wakalazimika kusogea. Kuna ikembe na indingidi. Kuna ngoma za Gishora, karibu na Gitega, ambazo sifa yake imeenea hata ngoma ya kifalme ya Burundi ikatiwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2014. Mpiga kanuni wa Vuga hana budi kushangaa akiona inanga, kwa kuwa zote mbili ni nyuzi zilizolazwa juu ya mti. Mgeni ajuaye wimbo mmoja wa kwao atauimba pale atakapoombwa, na kwa hakika ataombwa. Hapo atakuwa amekaribishwa kweli.

Na hilo lamtaka msafiri afanye kazi moja kabla ya kuondoka: awatafute wazee wa kwao wanaopiga inanga, aketi nao jioni mbili tatu, ajifunze walau wimbo mmoja. Itakuwa aibu mtu kusafiri zaidi ya kilomita elfu kumsikiliza mzee wa Unguja, hali mzee wa kilima cha kwao anakufa na nyimbo zake bila kuulizwa.

Orodha ya mwisho

Mwenye nia na aanze leo kwa mambo manne. Aitazame kalenda ili ajue Ramadhani itaangukia wapi. Ahesabu fedha pamoja na mwenzake wa nyumbani. Aanze kutengeneza pasi na kupata chanjo, kwa maana hati huchelewa kuliko fedha. Na achague nyimbo tatu atakazokwenda nazo, mbili za taarabu na moja ya nyumbani. Mwavuli atanunua Dar es Salaam.